Seti tatu au tano? Muulizeni Sinner

Kila Grand Slam ya tenisi (yale mashindano manne makubwa ya mwaka) ikiisha huu mjadala unarudi, kwamba wanaume wakicheza mmoja mmoja waachane na ile ya kutafuta seti tatu kati ya tano, wacheze mbili kati ya tatu kama wanavyocheza mashindano mengine yote ya mwaka. Nami kila mwaka nilikuwa najiona nina msimamo, mpaka ilipofika 2025, ndani ya wiki tano tu Mwitaliano Jannik Sinner akanivuruga kabisa maana utaratibu ule ule ulimnyang'anya kombe moja ukampa jingine.

Tuanze na Paris. Jumapili tarehe 8 Juni, fainali ya Roland Garros, Sinner na Carlos Alcaraz. Huku kwetu Dar ilianza saa kumi jioni, nikamwambia shemeji yangu ngoja nicheki mpira huu kidogo afu tutoke. Sinner kachukua seti ya kwanza 6-4, ya pili kwa taibreka (ile gemu ya kuamua seti ikifika 6-6). Kwa sheria za Rome, Madrid, Miami na kwingineko kote hapo ngoma imeisha, jamaa anabusu kombe, mimi na shemeji tunatoka zetu. Alcaraz kachukua ya tatu. Magharibi ikaadhiniwa. Seti ya nne Sinner yuko mbele 5-3, Alcaraz anaanzisha yeye na yuko 0-40, yaani pointi tatu za ubingwa zimekaa mezani, anahitaji moja tu! Zote zikaenda, Alcaraz akaokoa ile gemu, akashinda inayofuata ambayo Sinner ndo alikuwa anaanzisha, akabeba seti kwa taibreka, isha ikaadhiniwa, shemeji akala akalala, na ikaja kuisha inakaribia saa nne usiku kwa taibreka ya pointi 10 ambayo Alcaraz alishinda 10-2. Saa 5 na dakika 29, fainali ndefu kuliko zote katika historia ya Roland Garros. Na ukihesabu pointi za mechi nzima, Sinner alishinda 193, Alcaraz 192. Aliyeshinda pointi nyingi ndo kapoteza, tenisi bana.

Sasa Wimbledon, kule London. Jumatatu tarehe 7 Julai, raundi ya nne, Sinner huyo huyo anacheza na Grigor Dimitrov, na alikuwa anafundishwa kiukweli, kashaanguka mapema kaumia kiwiko, kapoteza ya kwanza 6-3, ya pili 7-5. Kwa seti tatu kashatolewa, anapanga begi. Ikaenda ya tatu, 2-2, Dimitrov kapiga mpira wa kuanzisha ambao Sinner hata hakuugusa, na hapo hapo kashika kifua, kaenda chini. Msuli wa kifua. Sinner akavuka upande wa pili kumwangalia mwenzake, na Dimitrov alipotoka alikuwa analia. Siku sita baadaye Sinner akampiga Alcaraz fainali, Mwitaliano wa kwanza kuchukua Wimbledon mmoja mmoja.

Kwa hiyo tungekuwa na seti tatu, Sinner angekuwa bingwa wa Paris na London angetoka raundi ya nne. Ndo maana mtu akiniambia seti tano ndo "haki" namuuliza haki ya nani, maana ya Dimitrov pale siioni.

Ila wanaotetea tano wana hoja nzito, na hoja yenyewe si mapenzi ya zamani tu. Mechi ikiwa ndefu bahati inapungua nguvu. Mtu anaweza kukupiga seti moja kwa mpira uliogusa wavu ukadondokea kwako, anaweza akachanganya mbili, ila tatu lazima awe anacheza kweli. Angalia Djokovic Roland Garros 2021, raundi ya nne alikuwa nyuma seti mbili kwa kinda Lorenzo Musetti, zote za taibreka, halafu Musetti miguu ikakata, akapigwa 6-1, 6-0, na akajitoa akiwa nyuma 4-0 seti ya mwisho. Fainali tena Djokovic nyuma seti mbili kwa Tsitsipas, akageuza tena. Kutangulia si kufika. Nadal Australia 2022 kwa Medvedev hivyo hivyo, na Sinner 2024 kwa Medvedev huyo huyo (huyu jamaa sijui kawakosea nini Waaustralia). Yaani nusu ya fainali tunazosimuliana vijiweni zingekuwa zimeshaisha kabla utamu haujaanza.

Upande wa pili nao wasikilizwe lakini, wasichukuliwe kama watu wavivu wa kukaa mbele ya tivii. Mwaka 2006 fainali ya Rome Nadal alimpiga Federer kwa saa 5 na dakika 5, mashindano ya Hamburg yalikuwa wiki inayofuata tu, wote wawili wakajitoa. Mashindano yakabaki bila nyota wake wawili, na mwaka uliofuata fainali za ngazi hiyo (Masters, chini kidogo ya Grand Slam) zikaanza kupunguzwa kuwa seti tatu. Nani leo analia kwamba Masters haina ladha? Fainali ya Olimpiki nayo ilipunguzwa, na ile ya Paris 2024 Djokovic alimshinda Alcaraz kwa taibreka mbili, karibu saa tatu, seti mbili tu, na Djokovic alilia kotini kama mtoto. Utamu ulikuwepo tele.

Na kuna suala la mwili. Medvedev aliyepoteza ile fainali ya 2024 alikuwa kakaa kotini zaidi ya saa 24 kwenye mashindano yale, mechi yake moja iliisha saa tisa na dakika 39 usiku. Murray Australia 2023, miaka 35 na nyonga ya chuma, kamaliza na Kokkinakis saa kumi na dakika tano alfajiri baada ya saa 5 na dakika 45, usiku mzima analalamika kwamba hata chooni haruhusiwi kwenda. Kageuza kutoka nyuma seti mbili, tukashangilia, afu raundi iliyofuata katolewa. Isner naye baada ya kummaliza Mahut Wimbledon 2010 kwa saa 11 na dakika 5 ndani ya siku tatu, 70-68 seti ya mwisho, ubao wa matokeo wenyewe uligoma ukiwa 47-47, mechi iliyofuata kapigwa 6-0, 6-3, 6-2 kama vile hayupo. Hiyo ya seti isiyo na mwisho wamesharekebisha, tangu 2022 Grand Slam zote nne zikifika 6-6 seti ya tano ni taibreka ya pointi 10, na hakuna aliyekufa.

Wanawake huwa wanaingizwa kwenye hili vibaya. Mtu anasema wanalipwa sawa (Wimbledon na Roland Garros tangu 2007) basi wacheze tano. Hivi mnajua walishacheza? Fainali ya mashindano yao ya kufunga msimu ilikuwa seti tano kuanzia 1984 hadi 1998, na 1996 Graf na Hingis walifika ya tano. Waandaaji ndo walioamua kurudi tatu, msiwasukumie kina dada.

Wapo wanaopendekeza katikati, yaani raundi za mwanzo tatu, robo fainali kwenda mbele tano. Inasikika vizuri ila mimi hainiingii, kwa sababu Musetti na Djokovic ilikuwa raundi ya nne, Dimitrov na Sinner raundi ya nne, na mchezaji asiyejulikana wa namba 80 duniani anapata wapi nafasi ya kuonyesha ana pumzi kama raundi za kwanza ni mbio fupi? Pia unamfundisha mtu mchezo mmoja wiki ya kwanza, wa pili unampa mchezo mwingine.

Mimi bado nipo na tano, safari hii kwa shingo upande kidogo. Kinachonikera ni saa za kuanza. Hao Australia na New York wanaweka mechi mbili usiku, ya kwanza ikirefuka ya pili inaanza watu wa kawaida wamelala, kisha lawama anabebeshwa seti ya tano. Mashindano ya kawaida ya wanaume na wanawake yalishaweka sheria 2024 kwamba mechi isianze baada ya saa tano usiku. Fainali ya Paris ilikula saa tano na nusu na hakuna aliyelalamika kuhusu usingizi, maana ilianza mchana kweupe. Isipokuwa shemeji, ambaye mpaka leo nikimwambia nacheki tenisi kidogo anavua viatu.