Hulk wetu alikuwa wa kijivu

Vijana wakianza kubishana kuhusu mashujaa wa sinema, ubishi wao huwa ni nani atampiga nani. Mimi hutamani kuwauliza jambo jingine: huyo shujaa wenu analala wapi, na kodi ya chumba anailipa na nini? Yule tuliyekua naye sisi, majibu yake tuliyajua. David Banner, mtu aliyegeuka jitu liitwalo Hulk kila alipopandwa na hasira, hakuwa na kwao. Leo utamkuta anapakia mizigo ghalani, wiki ijayo anafagia ukumbi wa ndondi, wiki nyingine ni kibarua kwenye shamba la mtu. Kila anapofika ana jina jipya, David huyu au David yule, jina la ukoo likianzia na B. Kipindi kikikaribia kwisha ameshatundika begi begani, yuko kando ya barabara anaomba lifti, na kinanda kinalia taratibu.

Nazungumzia The Incredible Hulk ya televisheni, ile iliyoanza Marekani kama filamu kwenye kituo cha CBS mwaka 1977, ikaendelea kama mfululizo kuanzia 1978 hadi 1982. Naipenda mpaka leo, na si kwa kuwa tu niliitazama utotoni. Nashikilia kwamba ni kazi bora kuliko nyingi zilizokuja baadaye na jitu hilohilo, kwa sababu ilimjali mtu kuliko ilivyolijali jitu.

Kwetu ilifika imeshazeeka. Kijijini hapakuwa na umeme, na runinga iliyotuhudumia mtaa mzima ilikuwa Great Wall ya inchi 14, isiyo ya rangi, inayokula moto wa betri ya gari. Betri ilipelekwa sokoni kuchajiwa, ikirudi inawekwa chini ya meza na hakuna mtoto anayeruhusiwa kuisogelea. Kijana mmoja alibaki nje kwenye mlingoti wa antena akizungusha bomba, sisi ndani tukimpigia kelele: "Rudisha! Rudisha kidogo! Hapo hapo, usiguse!" Watoto tulikaa sakafuni, wazee vitini. Mwenye nyumba alikuwa na hesabu yake: moto utoshe taarifa ya habari, na ukibaki, kichekesho cha Vitimbi. Picha ikianza kusinyaa pembeni, ukingo mweusi ukiingia pande zote, tulijua betri inakata, na mioyo ilitudunda kuliko pale Banner anapozingirwa na maadui.

Kwa hiyo Hulk wetu alikuwa wa kijivu. Kwamba ni wa kijani nilikuja kujua nilipomwona kwenye fulana ya mtumba, na sikuamini. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba katika toleo la kwanza kabisa la kitabu chake cha katuni, lile la mwandishi Stan Lee na mchoraji Jack Kirby la mwaka 1962, Hulk alichapwa kwa rangi ya kijivu. Mitambo ilishindwa kuitoa ile rangi sawasawa kila ukurasa, basi toleo la pili wakampaka kijani. Habari hiyo ilinifurahisha mno. Bila kujua, na kile kiruninga chetu, tulikuwa tunamwona kama alivyozaliwa.

Waliotengeneza mfululizo huo hawakuwa na uwezo wa kumwonyesha Hulk muda wote. Kompyuta za kuchora jitu hazikuwapo, alikuwapo Lou Ferrigno, mtunisha misuli mrefu, aliyepakwa rangi kuanzia kichwani hadi miguuni. Ndiyo maana kwa kawaida Banner alibadilika mara mbili tu katika kipindi kizima. Macho yanageuka meupe, shati linapasuka mgongoni, vifungo vinaruka, basi sebule nzima tunasimama. Dakika zote zilizobaki ni za Bill Bixby, aliyeigiza Banner, kukaa na watu: mjane anayetaka kunyang'anywa shamba, bondia anayedanganywa na meneja wake, mtoto anayepigwa na babake. Uhaba wa pesa uliwalazimisha waandishi wawaandike binadamu. Siku hizi shujaa anaokoa dunia nzima, na dunia nzima haina sura. Miji inabomoka, sisi tunakula bisi, na hatumjui hata mtu mmoja aliyekuwa ndani ya lile jengo.

Chanzo cha mkasa wa Banner ni msiba. Gari lao lilipinduka na kushika moto, mkewe akiwa ndani, naye akashindwa kulinyanyua. Akaanza kuwatafiti watu waliopata nguvu za ajabu wakati wa hatari, akitaka kujua kwa nini wao waliweza na yeye hakuweza, hadi akajipiga mionzi ya gama kupita kiasi. Usiku huo anabadilisha tairi kwenye mvua, mambo yanamshinda, hasira inampanda, na tazama. Sijaona nguvu za shujaa zilizotokana na kitu cha karibu zaidi na maisha ya kawaida kuliko hicho. Safari yake yote baada ya hapo ni kutafuta dawa ya kuziondoa.

Aliyeuunda mfululizo huo, Kenneth Johnson, alikuwa akisoma Les Misérables, riwaya ya Victor Hugo, alipopewa kazi hiyo. Ukishalijua hilo, unamwelewa Jack McGee, mwanahabari anayemsaka Hulk mji hadi mji. Ni yule Javert wa Hugo, polisi anayemwinda mtu mmoja miaka nenda rudi, ila kaacha upolisi kashika kalamu. Hata yeye si mtu mbaya. Anaamini kwa dhati kwamba jitu lile ni muuaji, ilhali sisi sakafuni tulijua halikumuua mtu.

Na halikusema neno. Kwenye katuni Hulk anaongea. Johnson alimnyamazisha, akabaki kunguruma. Ferrigno mwenyewe alipoteza sehemu kubwa ya usikivu wake tangu utotoni, na naamini ndiyo sababu uso wake ulijua kusema. Mtazame akishika kitu kidogo, mtoto au mnyama, vile paji la uso linavyokunjuka. Kiingereza chetu kilikuwa cha kuungaunga, mazungumzo ya Banner mengi yalitupita, lakini jitu lilipokaa kwenye maji likitazama sura yake, bibi yangu ambaye hakujua hata "good morning" alisema, "Maskini, huyu ana huzuni."

Walikuwapo wengine. Steve Austin, yule mtu wa dola milioni sita aliyetiwa viungo vya mashine, alitufanya tukimbie polepole njia nzima ya kwenda kisimani huku tukitoa mlio wa vyuma kwa midomo, kwa kuwa mbio zake za kasi zilionyeshwa kwa mwendo wa taratibu. Wasichana walizunguka kama Lynda Carter, aliyezunguka ili ageuke Wonder Woman, mpaka wakaanguka. Hao niliwapenda, ila sikuwahi kuwaonea uchungu.

Kasoro sizikatai. Hadithi zilijirudia, genge la wahuni lilikuwa lilelile likibadilishwa kofia, na wanawake wengi waliandikwa ili waokolewe tu. Kwa anayetaka kuona kilele chake, aanze na sehemu mbili zinazoitwa "Married," za mwaka 1978. Mwigizaji Mariette Hartley ni daktari anayejua kwamba ugonjwa wake hauna tiba. Banner anamfuata Hawaii ili amsaidie kulitawala jitu, wanapendana, wanaoana, na nguvu zote za Hulk hazimponyi. Hartley alipata Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, kwa kazi hiyo. Usiiangalie kwa kurukaruka, wala usiitazame ukiwa na simu mkononi.