Neva Iliyojeruhiwa: Tuisubiri au Tuipasue?

Kijana wa bodaboda anaanguka, bega linajigonga kwenye lami huku shingo ikivutwa upande wa pili. Mfupa ni mzima, ngozi imechubuka tu, lakini mkono unaning'inia kama si wake. Familia inaambiwa ivute subira, kwani neva hujirudi zenyewe. Unapita mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Subira hiyo ni tiba, au ni muda unaopotea?

Kwa neva iliyokatwa na panga au kioo hakuna mjadala: ncha zake zishonwe mapema, ndani ya siku chache ikiwezekana. Ubishi upo kwenye neva iliyovutwa chini ya ngozi isiyokatika.

Wanaotetea subira wana hoja nzito. Mwaka 1850 Augustus Waller alikata neva za ulimi wa chura, akaona kipande kilichotengwa na seli yake kikisambaratika. Upande uliobaki na seli huchipua. Seli za Schwann, zile zinazouvika uzi wa neva, husaidia kusafisha mabaki kisha hujipanga mstari na kuwa njia ya chipukizi. Ala ya neva, yaani ganda linalofunika nyuzi zake, ikiwa nzima, chipukizi hufuata njia yake ya zamani hadi kwenye msuli wake. Hakuna mshono wa daktari unaoweza kupanga maelfu ya nyuzi kwa usahihi huo. Anayepasua mapema mno anaweza kukata sehemu ambayo ingepona yenyewe, akaweka kipande cha neva kilichotolewa mguuni, na mgonjwa akaongezewa ganzi ya mguu juu ya tatizo la mkono.

Hoja hiyo naikubali, ila haitoshi, kwa sababu msuli hausubiri. Uzi wa neva hukua takriban milimita 1 kwa siku, yaani sentimita 3 kwa mwezi. Kutoka shingoni hadi kiganjani mwa mtu mzima ni kama sentimita 70, hivyo safari ni ya karibu miaka miwili. Msuli uliokosa neva hunyauka, na baada ya mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, mara nyingi haunufaiki tena hata neva ikiufikia. Na kama mizizi ya neva imeng'oka kwenye uti wa mgongo, hata ungengoja miaka kumi haitajirudishia yenyewe.

Wanaotaka upasuaji wa haraka nao wasiahidi makubwa. Mwaka 1903 daktari Mwingereza Henry Head alikubali neva ya mkono wake ikatwe na kushonwa papo hapo, ili yeye na mwenzake W.H.R. Rivers wafuatilie jinsi hisia zinavyorudi. Lilikuwa jeraha safi, lililoshonwa bila kuchelewa. Hata hivyo maumivu ndiyo yaliyotangulia kurudi, na hisia ya mguso mwepesi ilichelewa sana.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa ni kusubiri bila kupima. Jules Tinel, daktari Mfaransa, alieleza mwaka 1915 kipimo kisichohitaji hata umeme: gonga neva taratibu kwa kidole, na pale nyuzi changa zilipofika mgonjwa atahisi kama sisimizi wanamtembea mkononi. Nukta hiyo ikishuka mwezi hadi mwezi, subira ina msingi. Ikiganda mahali pamoja, kuna kizuizi. Kipimo hiki kina udhaifu wake, kwa kuwa nyuzi chache za hisia zinaweza kumpa mgonjwa matumaini ya uongo huku msuli ukibaki kimya. Ndiyo maana kipimo cha umeme wa misuli kinahitajika baada ya wiki tatu au nne, na mkono usioonyesha dalili yoyote kufikia mwezi wa tatu unapaswa kuonwa na bingwa wa upasuaji wa neva. Kumwambia mgonjwa huyo arudi baada ya mwaka ni kumnyima nafasi.

Mwaka 1994 Christophe Oberlin wa Ufaransa alionyesha njia ya kuifupisha safari: kuchukua sehemu ndogo ya neva ya kiganja iliyo nzima na kuiunganisha na neva ya msuli unaokunja kiwiko, umbali wa sentimita chache tu. Hata akipasuliwa mwezi wa sita, kijana yule anaweza kupata tena uwezo wa kukunja mkono wake, mradi neva ya kiganja ilisalimika. Vidole vilivyopooza kutoka shingoni ni habari nyingine. Kwavyo sentimita 70 zimebaki zilezile.