Leva za gia za zamani kwenye fremu ya zamani: kwa barabara za Mwanza inalipa kweli?

Kuna ubishi hauishi kwa vijana wanaofufua zile fremu za resa za chuma zinazokuja na mtumba, Raleigh, Peugeot, za Kijapani, na ubishi wenyewe ni mdogo tu ukiutazama: gia ziongozwe na nini. Upande mmoja unasema fremu ya zamani irudishiwe leva zake za zamani, zile mbili fupi zinazokaa kwenye bomba la chini, la mshazari, kulia ya nyuma kushoto ya mbele. Upande wa pili unasema huo ni ushamba wa makusudi, chukua leva za klik za mauntenibaiki, zile zinazoruka gia moja kila mlio, weka kwenye usukani, au ng'oa gia zote uendeshe moja kama Phoenix.

Mimi nipo na leva za zamani, ila sababu wanayoitoa wenzangu siikubali. Wao ni uzuri, historia, originali. Mimi naangalia spea.

Leva ya zamani kabisa haina klik. Ni ngoma ndogo inayozungusha waya, inabanwa na washa na skrubu yenye kimasikio ili isirudi yenyewe, basi. Ukivuta nyuma cheni inapanda meno makubwa, ukisukuma mbele inashuka, na ni wewe kwa sikio na mguu unayejua imekaa sawa au bado inakwaruza, unaipitisha kidogo halafu unairudisha. Shimano, kampuni ya Kijapani ya vifaa vya baiskeli, walipoleta mfumo wao wa klik, SIS, kwenye Dura-Ace, seti yao ya mashindano, katikati ya miaka ya 1980, kazi hiyo ya kukadiria ikaisha, kila klik moja inavuta waya kipimo kilekile. Raha sana, ila kipimo hicho lazima kilingane na nafasi kati ya duara moja la meno na jingine kule nyuma na kilingane na ile mashine ya nyuma inayohamisha cheni, na hapo ndipo mambo ya Mwanza yanapoingia maana nani hapa ana seti iliyokamilika? Fremu umeipata Makoroboi, gurudumu limetoka kwenye baiskeli nyingine, friwili, lile fungu la meno ya nyuma, ni ya Kichina ya gia saba, mashine ya nyuma imetoka kwa jamaa Igoma aliyekuwa anauza baiskeli vipande vipande. Weka klik hapo uone, gia ya pili inakubali, ya nne inaruka, ya tano inapiga kelele mpaka nyumbani. Na mtego mbaya zaidi ni wa hao hao Dura-Ace wa zamani, mashine yao ya nyuma inavuta tofauti na Shimano nyingine za wakati huo, kwa hiyo hata ukisema "zote Shimano" bado hazielewani. Leva isiyo na klik haijali, gia tano sita saba twende.

Haijali mpaka mahali fulani lakini. Leva nyingine za enzi za gia tano zina ngoma ndogo, ukizifungia friwili yenye gia nyingi sana leva inafika mwisho kabla cheni haijapanda gia kubwa ya mwisho. Uijaribu kabla hujalipa.

Sasa wale wa upande wa pili wana hoja moja nzito na wenzangu huwa wanaikwepa. Ili ubadilishe gia unatoa mkono kwenye usukani, unainama, unashika leva iliyo karibu na goti. Kwenye lami tupu ya kuelekea Usagara asubuhi hakuna shida. Kwenye Barabara ya Nyerere pale Mabatini saa kumi na mbili jioni, daladala inakata kulia bila taa na boda boda anakupita kushoto, mkono mmoja ni kujitafutia Bugando, na sisemi kile kilima nasema hospitali. Kilima chenyewe nacho ni tatizo lake: gia unaihitaji pale pale ambapo umeshaanza kuchoka na baiskeli inayumba. Mabingwa walivumilia miaka mingi, Tour de France iliruhusu mashine za gia mwaka 1937, lakini zilipotoka leva za kwenye breki mwaka 1990 nao hawakuchelewa kuziacha hizi za bombani. Kwa hiyo anayeendesha mjini kila siku kwenda kazini, simshawishi. Na anayebeba maziwa au mkaa ndio kabisa, aachane na hizi habari, Phoenix yake iko sawa.

Tuseme umeamua. Kufunga kuna njia mbili. Fremu nyingine zina vinundu viwili vilivyochomelewa kiwandani, leva inakaa juu yake, ila usidhani vinundu vyote ni ndugu, vya Simplex ya Ufaransa haviingiliani na vile vya mtindo wa Campagnolo ya Italia ambao Shimano nao waliufuata. Fremu isiyo na vinundu inatumia klampu, ukanda wa chuma unaokumbatia bomba, na klampu nyingi ni za bomba la milimita 28.6. Bomba la Kifaransa la zamani ni 28. Hiyo nusu milimita na ushee inaonekana si kitu mpaka uvute leva kwa nguvu, klampu nzima inateleza kushuka chini. Kata ukanda wa kopo la soda uzungushie ndani, inashika. Usitie mpira, unabonyea. Na uangalie chini ya bomba, fremu nyingi zina kinundu kidogo cha kuzuia klampu isishuke, klampu ikae juu yake.

Kuna mafundi watakwambia lete tukuchomelee vinundu. Kataa, bana. Bomba zuri la fremu hizi, mfano Reynolds 531, katikati ni jembamba chini ya milimita moja, nene ni mwishoni tu, na fundi aliyezoea mageti atalipikia moto kama geti. Rangi inaondoka, chuma kinaweza kulegea, na klampu ingefanya kazi hiyo hiyo.

Waya ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Wa gia ni mwembamba, milimita 1.2 hivi, wa breki ni kama 1.5 au 1.6 na kichwa chake kikubwa hakiingii kwenye leva, nimeona watu wanakipiga tupa mpaka kiingie, halafu kinachomoka njiani. Faida ya leva za bombani ni kwamba sehemu kubwa waya unakwenda uchi, ganda la kufunika waya ni kipande kifupi tu kule nyuma, kwa hiyo vumbi la kiangazi na tope la masika havina pa kujificha. Leva za usukani zinataka ganda refu, tena la gia hasa, maana la breki linabonyea na klik zinapotea. Na usifanye kinyume chake, ganda la gia kwenye breki linaweza kupasuka ukikaba kwa nguvu. Washa za leva usizipake oili, mpangilio wake upige picha kabla hujafungua, na gia ikianza kujishusha yenyewe mlimani kaza kile kimasikio robo mzunguko.

Kuhusu wale wanaosema fremu ya Peugeot lazima ivae leva za Kifaransa, sawa kama unaiweka sebuleni. Za SunTour, za Kijapani, zenye meno madogo ndani zinakaa vizuri kuliko nyingi za Ulaya, unavuta kilaini na hairudi.

Na kama ubishi wa klik na isiyo na klik unakusumbua, tafuta leva za Shimano za bombani za mwisho wa miaka ya 80. Ya kulia ina kiringi pembeni, ukikigeuza klik zinazimika inabaki laini. Siku ukipata gurudumu na mashine vinavyolingana unarudisha klik, mpaka hapo unaendesha na mchanganyiko wako wa Makoroboi.