Kwa nini sikutia sahihi ombi la kuuondoa mnara

Majuma matatu yaliyopita, mzee mmoja jirani yetu hapa Bombo, Uganda, alipiga hodi baada ya magharibi, daftari la shule likiwa mkononi na kalamu imechomekwa katikati ya kurasa. Ndani mlikuwa na majina zaidi ya 40, mengine yakiwa na sahihi na mengine alama za dole gumba, na juu ya ukurasa yaliandikwa maneno machache: sisi wakazi tunaomba mnara wa simu uondolewe kwa sababu unavuruga mioyo ya watu. Jina la mama yangu lilikuwa la tatu. "Nilipaswa kuanza na wewe," mzee akaniambia, "kwa maana mama yako ndiye ushahidi wetu."

Sikutia sahihi. Nimeulizwa sababu na ndugu na majirani, na kwa kuwa jambo lenyewe linamhusu aliyenizaa, nimeona ni heri niliandike kwa utulivu kuliko kubishana barazani.

Mama alianza kulalamika mwaka jana, miezi michache baada ya mnara kusimamishwa nyuma ya shamba la migomba. Usiku moyo ulimwenda mbio, ukaruka pigo, kisha ukatulia kana kwamba hakuna lililotokea. Asubuhi moja nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, kanga imemteleza begani. "Mwanangu," akasema, "tangu kile chuma kisimame pale, moyo wangu hauna amani." Nilimwamini. Kitu kipya kimekuja, maradhi yamefuata. Ni nani asingeviunganisha?

Kliniki ya kwanza tuliyomfikisha ilimpima presha, ikampa vidonge vya usingizi na kumwambia apunguze mawazo. Hakuna aliyemshika kifundo cha mkono. Nilimshika mimi mwenyewe tulipofika nyumbani, vidole viwili chini ya dole gumba lake, macho yangu kwenye saa: mapigo matatu ya haraka, kimya, moja, mawili yaliyogusana, kimya tena. Hapakuwa na mpangilio wowote wa kuhesabu. Mpaka leo sielewi jinsi mtu anavyoweza kutibu moyo bila kufanya jambo hilo la dakika 1 lisilogharimu hata shilingi.

Tulipofika Taasisi ya Moyo ya Uganda kule Mulago, Kampala, mama alilazwa kitandani, akapakwa jeli ya baridi, nyaya zikabandikwa kifuani, mikononi na miguuni kwa kipimo cha ECG, kile kinachochora umeme wa moyo kwenye karatasi. Hapo niliona jambo ambalo limebaki akilini mwangu kuliko maelezo yote niliyosoma baadaye. Karatasi ilipoanza kutoka, mstari wote ulikuwa na manyoya, umejaa vijino vidogo vidogo kama msumeno. Nilishtuka. Mtaalamu hakushtuka; aliinama, akachomoa chaja ya simu iliyokuwa ukutani karibu na kitanda, akausogeza waya wa umeme uliopita juu ya nyaya za mashine, akaanza upya. Manyoya yakaisha. Mapigo ya mama yakabaki vilevile, yasiyo na mpangilio, sasa yakisomeka waziwazi.

Umeme wa ukutani kwetu hugeuka mara 50 kwa sekunde, na mtetemo huo ndio uliokuwa ukiingia kwenye mashine. Mashine hiyo imeundwa kunasa umeme mdogo mno, kwa kuwa ule wa moyo ukifika juu ya ngozi huwa ni kama milivolti 1 tu. Mholanzi Willem Einthoven, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi hiyo, aliwatumbukiza watu mikono na mguu katika ndoo za maji ya chumvi ili aweze kuunasa. Kwa hiyo nyuga za sumakuumeme za chumbani zinaweza kabisa kuvuruga kipimo cha moyo. Kuvurugika kwa kipimo na kuvurugika kwa moyo ni mambo mawili tofauti, na naamini sehemu kubwa ya hofu iliyoenea mitandaoni imezaliwa pale yalipochanganywa. Kuna majaribio yanayosambazwa ambamo mtu huketi karibu na simu isiyo na waya huku mashine ikionyesha moyo umeanza kukimbia; swali la kwanza la kuuliza ni kama mashine yenyewe ilikuwa imekingwa.

Kipimo cha eko, kinachoonyesha picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kilimaliza ubishi. Vali moja upande wa kushoto wa moyo wa mama ina kovu la homa ya baridi yabisi aliyougua utotoni, homa inayofuata maambukizi ya koo na kuudhuru moyo, pengine baada ya koo kuuma na kupona lenyewe, kama makoo ya watoto wengi yalivyoachwa wakati ule. Damu ikishindwa kupita vizuri kwenye mlango huo, chumba cha juu hutanuka mwaka baada ya mwaka, na misuli iliyotanuka hupoteza njia yake ya umeme, ikaanza kupapatika badala ya kupiga. Kovu hilo lina zaidi ya miaka 50. Mnara haujafikisha hata miwili.

Najua mtu ataniambia: huenda kovu lilikuwapo, lakini mnara ndio uliouamsha ugonjwa. Ni hoja ya haki. Moyo huendeshwa na umeme wake wenyewe, unaoanzia kwenye kundi dogo la chembe hai juu ya chumba cha kulia, kwa kawaida mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Chembe hizo zinahitaji milisekunde kadhaa ili ziitikie msukumo wa umeme. Mawimbi ya simu hugeuka mamia ya mamilioni ya mara kwa sekunde, au zaidi. Kabla chembe haijaanza kuitikia upande mmoja, wimbi limekwisha kugeuka mara nyingi mno, na kinachobaki ni joto. Viwango vya usalama vya kimataifa, vile vya tume iitwayo ICNIRP ambavyo vilipitiwa upya mwaka 2020, vimewekwa kwa kuangalia joto hilo, tena kwa kuacha nafasi kubwa ya tahadhari. Nguvu ya wimbi nayo hupungua upesi: ukiuzidisha umbali mara mbili, inabaki robo. Tena simu hupandisha nguvu yake inapopata shida ya mtandao, hivyo anayeishi mbali na mnara mara nyingi hubeba sikioni mawimbi makali kuliko anayeishi karibu nao. Mama mwenyewe alikwenda kukaa majuma mawili kwa dada yake kijijini, mahali ambapo mpaka upande kilima ndipo simu iite, na moyo ulimkimbia huko siku ya tatu tu.

Umeme wa kawaida, ule wa mara 50 kwa sekunde, unastahili kufikiriwa zaidi, kwa sababu kasi yake chembe za moyo zinaweza kuifuata. Ushahidi mzito kuliko wote niliouona kwa upande wa wenye hofu unatoka huko. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani wakiongozwa na David Savitz walichapisha uchunguzi wa wanaume karibu 139,000 waliofanya kazi katika kampuni 5 za umeme, wakaona kwamba waliotumikia muda mrefu zaidi kwenye nyuga kali za sumaku walikufa zaidi kwa matatizo ya mdundo wa moyo na kwa shambulio la ghafla la moyo. Huo haukuwa uvumi, na waliofuata hawakuupuuza: uchunguzi mwingine ulifanywa huko huko Marekani, Denmark na Sweden, na uhusiano ule haukuonekana tena. Shirika la Afya Duniani lilipopitia yote mwaka 2007 lilisema kwamba ushahidi hauungi mkono dai la kwamba nyuga hizo huleta maradhi ya moyo. Mimi naona jibu hilo linatosha kwa mtu anayeishi jirani na nyaya za umeme, sembuse anayeishi jirani na mnara.

Lakini umeme huo huo ukiugusa, hadithi inabadilika kabisa. Mkondo wa miliampia 50 hadi 100 ukipita kifuani kwa muda wa kama sekunde moja unaweza kuufanya moyo upapatike mpaka usimame. Katika mtaa wetu, njia ya watoto wa shule inapita chini ya waya ambao fundi wa magendo, wale tunaowaita kamyufu, aliuvuta kutoka nguzo hadi kwenye kibanda cha chapati, na msimu wa mvua waya huo hulala juu ya mabati yaliyolowa. Hakuna daftari lililopitishwa kwa ajili yake. Jambo hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kueleza.

Kuna watu wengine ambao kwao tahadhari ni ya kweli, nao ni waliowekewa betri ya moyo, yaani pesimeka, kifaa kidogo kinachouchochea moyo upige. Tangu mwaka 1958, Arne Larsson wa Sweden alipokuwa mtu wa kwanza kupandikizwa kifaa hicho mwilini, kifaa hicho kimeokoa watu wasiohesabika, na Larsson mwenyewe aliishi mpaka mwaka 2001. Kifaa hicho husikiliza umeme wa moyo kama ile mashine ya Mulago, na kwa hiyo kinaweza kudanganywa. Aidha, kina swichi ambayo sumaku huigeuza. Sumaku ikikaribia, pesimeka huacha kusikiliza, ikawa inapiga tu kwa kasi yake iliyopangwa, na kifaa kingine kinachopandikizwa, kile cha kuushtua moyo unapopapatika, huacha kuangalia hatari kabisa. Mwaka 2021 madaktari wa Michigan walieleza jinsi simu ya iPhone 12, yenye sumaku mgongoni, ilivyokinyamazisha kifaa cha aina hiyo ilipowekwa juu ya kifua.

Kwenye benchi la Mulago tuliketi na mama mmoja wa makamo aliyekuja kukaguliwa betri yake. Simu yake ilipolia, aliingiza mkono upande wa kushoto wa gauni akaitoa kwenye sidiria, mahali wanawake wetu wengi wa sokoni wanapoihifadhi pamoja na noti. Kovu la upasuaji lilikuwa vidole vitatu juu ya hapo. Muuguzi aliyekuwa akipita alisimama, akamwambia kwa upole, "Mama, simu isikae hapo. Itie kwenye mkoba, na ukiongea tumia sikio la kulia." Umbali wa sentimita 15 kutoka kwenye betri unatosha. Kwa jiko la sumaku, yale majiko bapa yanayopasha sufuria bila moto, ni kama sentimita 60. Mchomeleaji wa Katwe, mtaa wa mafundi Kampala, aliyewekewa betri anapaswa kumwuliza daktari wake kabla ya kushika tena mashine ya kuchomelea, kwa sababu mkondo wake ni mkubwa na nyaya zake hupita karibu kabisa na mwili. Mnara ulio ng'ambo ya shamba haumo katika orodha hiyo.

Sisemi kwamba wanaolalamika wanajizulia. Moyo wa mtu mwenye hofu hukimbia kweli, naye hulala vibaya kweli. Watafiti wa Uingereza walipokusanya mwaka 2005 majaribio 31 yaliyowahusisha watu 725 wanaodai kuhisi mawimbi haya, walikuta kwamba hapakuwa na ushahidi thabiti kuwa waliweza kutambua lini mtambo umewashwa na lini umezimwa kuliko kubahatisha. Maumivu yalikuwapo, chanzo kilikuwa kwingine. Na kwetu Uganda tunavijua vyanzo vingi vya moyo kwenda mrama: presha isiyopimwa, tezi ya shingo, upungufu wa damu, pombe ya waragi ya mwisho wa juma, kuhara kunakomaliza potasiamu mwilini, na makoo ya watoto.

Hili la makoo ndilo ningetaka watu 40 walitie sahihi. Eneo la Gulu, watoto 818 waliokutwa na dalili za awali za vali kuharibika walifuatwa kwa miaka 2 katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021. Kati ya waliochomwa sindano ya penisilini kila wiki 4, asilimia 0.8 tu ndio walioendelea kuharibika. Kati ya wasiochomwa, asilimia 8.2. Ni watoto wetu, ni dawa ya zamani na ya bei nafuu, na jibu lilipatikana hapa hapa nchini. Mama yangu angepata sindano hizo akiwa na miaka 10, pengine asingekuwa leo akimeza wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila jioni na kupimwa ugandaji wa damu kila mwezi ili kuepuka kiharusi.

Juzi nilirudi kwa mzee na daftari lake. Nilimwambia kwamba jenereta ya mnara, inayonguruma usiku kucha umeme ukikatika na kuvutisha watu moshi wa dizeli, ningeilalamikia naye bila kusita, kwa sababu kelele za usiku humnyima mgonjwa usingizi na kumpandisha presha. Alinyamaza kitambo. "Basi andika wewe," akasema, akanisukumia kalamu. Niliandika mambo matatu: jenereta izibwe sauti au ihamishwe, waya wa kwenye kibanda cha chapati ukatwe na kufungwa upya kihalali, na kituo cha afya kitume mtu mwenye mashine ya presha mara moja kwa mwezi, ashike na mikono ya watu kuhesabu mapigo. Nilitia sahihi hapo. Mama alitia ya pili, na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, atalisoma mkutanoni Jumapili.