Bibi yangu hakuwahi kushika kalamu
Makala niliyoisoma inataka kila mzee anayefika kliniki apimwe kumbukumbu. Naunga mkono, ila kwa kipimo kipi? Kile cha Marekani cha 1975 humtaka mtu aandike sentensi, anakili pembetano, atoe 7 mfululizo kuanzia 100. Marehemu bibi yangu hakuwahi kushika kalamu, lakini deni la kila mteja wake wa ndizi alikuwa nalo kichwani. Angefeli akili zake zikiwa timamu! Kipimo kingine cha kumbukumbu kiitwacho IDEA, kilichotengenezwa wilayani Hai, Kilimanjaro, humwomba mzee apange njiti za kiberiti kwa kufuata mfano, ataje wanyama kwa dakika moja, akumbuke maneno 10. Njiti kila mzee anazijua. Kikipelekwa Kigoma au Lindi, kilinganishwe kwanza na uchunguzi kamili wa daktari huko huko, tujue kinawakosea wangapi.