Makala za biashara ndogo zinakufa kwa sababu anayeandika haijui kazi

Fungua tovuti za kampuni ndogo za kupandisha wageni mlimani hapa Moshi. Nyingi zitakuambia mambo yaleyale kwa maneno yaleyale: Kilimanjaro ni mlima mrefu kuliko yote Afrika, una mita 5,895, una njia kadhaa, karibu sana. Yote ni kweli, na yote mteja alishayasoma kabla hajafika kwako.

Kwa kawaida mambo huenda hivi. Mwenye biashara anaambiwa lazima awe na makala mtandaoni. Anampa kazi kijana anayejua kompyuta, na kijana huyo hajawahi kupita geti la Machame wala kushika kahawa ya maganda. Afanye nini? Ananakili, anabadilisha maneno mawili matatu, anabandika. Ndipo unapokuta safari ya Marangu imeandikwa kwamba mgeni atalala kwenye hema, wakati wageni wa njia hiyo hulala kwenye vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo. Mtu aliyeanza kuchunguza safari yake anaiona kasoro hiyo palepale, na anajiuliza kama kampuni hii imewahi kumfikisha mtu huko.

Kijana simlaumu. Lawama ni ya bosi aliyedhani kuandika ni kazi ya kompyuta. Maarifa yanayouza yako kwa mpishi wa mlimani, kwa mtunza stoo, kwa mkaangaji wa kahawa, kwa fundi aliyekaa na mashine miaka kumi. Hao hawaandiki, na hakuna anayewauliza.

Chukua kahawa. Duka dogo la Arusha linanakili maelekezo ya Ulaya: pika kwa maji ya nyuzi joto 96. Arusha mjini iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji huchemka karibu na nyuzi 95. Joto analoambiwa mteja halipo kwenye birika lake. Moshi, iliyo chini zaidi, maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, kwa hiyo huko maelekezo yaleyale yanawezekana. Mkaangaji akiulizwa atasema kwa kifupi: kwa Arusha mimina maji mara tu yanapochemka, usiyaache yapoe, gramu 15 za kahawa kwa mililita 250 za maji, subiri dakika nne, ndipo ukandamize chujio la presi, yaani birika lenye chujio la kusukuma chini. Hayo tu yana faida kwa mnunuzi kuliko kurasa tatu za historia ya kahawa duniani.

Au suala la bei, ambalo kila muuza kahawa analalamikiwa. Kwa nini robo kilo iliyokaangwa ni ghali hivyo wakati mkulima wa Kibosho au Uru analipwa kidogo? Andika hesabu. Kilo moja ya kahawa safi, yaani iliyokobolewa lakini bado haijakaangwa, ikikaangwa kiasi cha kati hupoteza kama asilimia 15 ya uzito, hasa kwa sababu maji yanatoka. Unabaki na gramu 850 hivi, na ukiikaanga hadi iwe nyeusi zinapungua zaidi. Kabla ya hapo umechambua punje mbovu ukazitupa. Kuna gesi au umeme. Kuna mfuko wenye valvu, yaani kitundu cha kutolea gesi, na huo si urembo: kahawa iliyotoka kukaangwa hutoa gesi kwa siku kadhaa, ukiifunga mapema kwenye mfuko usio na valvu unafura na unaweza kupasuka. Eleza pia kwamba AA ni daraja la ukubwa wa punje, siyo cheti cha ladha, na kwamba PB ni punje moja ya mviringo iliyokua peke yake ndani ya tunda. Mteja akishaelewa haya hagombani tena kuhusu bei, na anajua anachokilipia.

Maarifa haya yanapatikanaje? Usimwambie mtunza stoo akuandikie, hatakuandikia. Mfuate wakati kazi imepungua, washa kinasa sauti cha simu, kaa naye dakika 20 na uwe na maswali yaliyochongwa. "Niambie kuhusu vifaa vyetu" halizai kitu. Uliza: wageni wanakuja kukodi nini dakika za mwisho kabla ya kupanda? Nini kinarudi hakijatumika? Kitu gani kinaharibika kwanza, na kinaharibikaje? Mara ya mwisho mteja alikasirika kuhusu nini? Hapo ndipo utasikia kwamba buti mpya isiyovaliwa kabla ya safari inachubua vidole wakati wa kuteremka, siyo wakati wa kupanda, kwa sababu mguu unasukumwa mbele. Utasikia kwamba chupa ya maji usiku wa kwenda kileleni inabebwa ikiwa kichwa chini, maana barafu huanza kuganda juu, na mrija wa mfuko wa maji huganda kabla ya kitu kingine chochote. Sentensi za namna hii huwezi kuzitunga ukiwa umekaa ofisini. Ukimaliza kuandika, msomee aliyekueleza kwa sauti. Atakukatiza, na kila anapokukatiza, rekebisha.

Chanzo cha pili cha mada ni simu ya biashara yenyewe. Pitia meseji za WhatsApp za mwezi mzima. Swali lililoulizwa na watu watatu ni makala moja. Kichwa chake kiwe swali lenyewe kama walivyoliandika, na jibu likae kwenye aya ya kwanza. Makala ikiwa tayari, anayeuliza tena unamtumia kiungo. Hata kama hakuna mgeni mwingine atakayeipata kwenye Google, tayari imekupunguzia kazi.

Sasa bei. Sikubaliani kabisa na desturi ya kuandika "bei maelewano" au "njoo inboksi". Mnunuzi anafungua kurasa tano kwa mkupuo, na asiyetaja bei anaachwa. Wenye kampuni za mlima husema bei zinabadilika, na ni kweli. Basi andika inaundwaje: ada za hifadhi zinazotozwa kwa siku, ada za kulala, VAT, mishahara ya waongozaji, mpishi na wapagazi, chakula, usafiri hadi getini. Hapo mgeni ataelewa kwa nini Machame ya siku saba ni ghali kuliko ya siku sita, na utapata nafasi ya kumshauri achukue siku saba, maana siku ya ziada inampa mwili muda wa kuzoea hewa nyepesi. Juu ya makala weka tarehe bei ilipohakikiwa. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, kwa hiyo wiki hiyo mtu mmoja apitie kila ukurasa wenye tarakimu. Makala yenye bei ya miaka mitatu iliyopita inaleta ugomvi mezani, na afadhali isiwepo.

Kuhusu lugha nitasema kwa ufupi: fuata mnunuzi. Fundi wa pampu, muuza pembejeo na saluni waandike Kiswahili. Kampuni ya safari iandike Kiingereza, lakini isomwe na mtu anayekijua kabla haijatoka.

Picha ndizo zinazofanya ukurasa usifunguke. Picha moja ya simu ina MB 3 hadi 5. Weka nane na umemtaka mteja achome MB 24 hadi 40 za bando kusoma ukurasa mmoja. Punguza upana hadi pikseli 1,200, ihifadhi upya, itashuka hadi KB mia chache na macho hayataona tofauti. Piga mwenyewe, hata kama mwanga wa stoo si mzuri: koti halisi la kukodi lenye namba ya stoo linaaminika kuliko picha ya mtandaoni ambayo mteja ameshaiona kwa washindani wako. Ikiwa na sura ya mteja, omba ridhaa yake kwa maandishi, meseji inatosha, na uitunze. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hili si suala la adabu tu. Wapagazi nao waombwe vilevile; mara nyingi sura zao zinatumika kutangaza biashara bila hata kuambiwa.

Wengi huanza kwa makala nne za wiki ya kwanza, kisha kimya mwaka mzima. Mbili kwa mwezi zinatosha kabisa, zikitangulia msimu. Injini ya utafutaji inaweza kuchukua wiki kadhaa kuipa nafasi makala mpya, kwa hiyo ushauri wa kupanda wakati wa masika utoke Januari, siyo Aprili mvua ikiwa inanyesha. Habari za mavuno ya kahawa ya mlimani ziwe tayari kabla ya Julai.

Na kabla ya neno la kwanza kuandikwa, hakikisha jina la tovuti, liwe .co.tz au jingine, limesajiliwa kwa jina la biashara na baruapepe ya mwenye biashara, siyo ya kijana aliyeitengeneza. Linalipiwa kila mwaka, na taarifa za kukumbusha zinakwenda kwenye baruapepe hiyo. Kijana akihamia Dar na namba yake isipopatikana, muda wa jina ukiisha, makala zote zinaweza kutoweka mtandaoni. Nakala ya kila makala ibaki kwenye kompyuta ya ofisi, na nywila ziandikwe kwenye daftari linalokaa kabatini pamoja na leseni ya biashara.