Maneno Matano kwa Siku

Jamani, hiki Kiingereza kitanizeesha. Bosi mpya kazini anaandika barua pepe za maneno marefu kama treni ya mizigo. Ya kwanza nikamjibu "noted". Ya pili, "well noted". Ya tatu nikakosa pa kukimbilia. Nikaapa: daftari jipya, maneno magumu matano kila siku.

Nikaanza na nyama, maana naipenda. Sisi ng'ombe akiwa malishoni ni ng'ombe, akiwa sufuriani ni nyama ya ng'ombe, kesi imekwisha. Wenzetu akishachinjwa tu wanambadilisha jina, "cow" anakuwa "beef". Kondoo hivyo hivyo, nguruwe hivyo hivyo. Kumbe chanzo ni mwaka 1066, Wanormani walipotoka Ufaransa wakaiteka Uingereza. Mchungaji akabaki na neno lake, mabwana mezani wakaja na lao. Ugomvi wa watu wa karibu miaka elfu, leo mimi wa Mbagala ndiye nakosa usingizi!

Siku ya tatu nikakutana na "debt". Ile b haitamkwi. Wasomi wao wa zamani waliichomeka ili neno lifanane na Kilatini. Basi imekaa humo tu, kama shemeji aliyekuja kusalimia. Deni letu lina herufi nne na zote zinafanya kazi.

Nyumbani nako hakuna msaada. Juzi nimerudi nimechoka, nikamwambia mke wangu, "Mama Asha, I am ravenous." Akaweka mwiko chini.

"Ravenous ndiye nani?"

Nikaeleza kwamba ni njaa. Njaa kali. Akauliza njaa gani hiyo yenye jina la kike. Asha, wa darasa la nne, akadakia kwamba hata kutamka nimekosea. Nililala nayo, kwa Kiswahili.

Jana nikaenda kwa Mangi kuchukua sukari kilo moja, ya kuandikiwa kama kawaida. Nikaona huyu mtu ananivumilia, anastahili shukrani nzito. Nikasimama wima: "Mangi, I am indebted to you."

Kiingereza cha Mangi ni cha kuungaunga, lakini kile kipande cha katikati alikidaka.

"Hilo mbona tunalijua wote," akasema, huku akifungua daftari lake. "Elfu kumi na nane na mia tano. Lini?"

Nikapekua matano yangu ya siku hiyo nitafute la kujibia. Halikuwemo.